Akiba Huoza Ikikosa Mlinzi

Wahenga walituusia kwamba akiba haiozi. Walisema kweli kwa kadiri ya akiba waliyoijua: wimbi ghalani, ng'ombe zizini, fedha kibindoni. Lakini akiba ya siku hizi, hii tunayoiweka ndani ya kompyuta, huoza. Huoza kimya kimya, bila harufu wala ukungu, na mwenye mali hupata habari siku ile anapoihitaji. Nasema hivi kwa sababu yamenifika.

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimekuwa nikirekodi mazungumzo ya wazee wa Siongiroi, kwetu, na ya vijiji jirani vya Chepalungu katika Kaunti ya Bomet. Ni kazi yangu kama mwanaisimu, na ni deni langu kama mtoto wa pale. Mwaka 2019 nilihitaji rekodi moja ya mwaka 2011. Bibi mmoja alikuwa akieleza kwa Kikipsigis namna ya kuandaa sotet, yaani kibuyu cha maziwa: jinsi kinavyosafishwa, jinsi kijiti cha senetwet kinavyochomwa na mkaa wake kusuguliwa ndani, hata maziwa yakimiminwa humo yageuke mursik, maziwa yale ambayo Wakenya huyaona wanariadha wetu wakilakiwa nayo uwanjani wanaporudi na medali. Niliifungua faili. Sauti ya bibi ilikuwa safi kwa dakika nne. Kisha ikageuka mkwaruzo, na mkwaruzo ukaendelea hadi mwisho.

Sikufadhaika mara moja, kwa kuwa nilikuwa na nakala ya pili katika diski nyingine. Niliifungua ile nayo. Mkwaruzo ule ule, dakika ile ile. Ndipo nilipotambua nilichokuwa nimekifanya kwa mkono wangu: faili ilikwisha kuharibika katika diski ya kwanza bila mimi kujua, nami, kwa bidii yangu ya kuweka nakala kila mwaka, niliinakili iliyooza juu ya ile nzima. Kompyuta haikunionya. Iliona faili yenye jina lile lile na ukubwa ule ule, ikatii amri. Bibi yule alikuwa amekwisha kufariki.

Tangu siku hiyo swali la mahali pa kuweka kumbukumbu halijawa kwangu swali la mafundi peke yao. Niliamua kuunda seva ya nyumbani. Neno hilo lisimtishe msomaji. Seva ya faili ni kompyuta ya kawaida ambayo haina kazi nyingine ila kutunza faili na kuwapa wenzake katika mtandao wa nyumba au wa shule zile wanazoziomba. Yangu ni kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, mojawapo ya zile zinazouzwa kwa wingi Nairobi baada ya kustaafishwa huko ng'ambo. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski mbili kubwa za ukubwa sawa. Imekaa nyuma ya mlango wa chumba changu cha kusomea, karibu na betri ya kuikinga umeme unapokatika. Humo zimo rekodi za wazee, tasnifu za wanafunzi wangu, na mitihani ya miaka iliyopita ambayo mpwa wangu, mwalimu wa shule ya upili jirani, huitumia pamoja na walimu wenzake.

Kununua vyuma hakukunisumbua. Kilichonisumbua kwa miezi miwili ni kuchagua mfumo endeshi.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimama kati ya mashine na programu nyingine zote. Ndiyo inayojua diski iko wapi, faili gani imekaa sehemu gani ya diski hiyo, nani aruhusiwe kuisoma na nani akatazwe. Mashine bila mfumo endeshi ni kama shule yenye madarasa na madawati lakini haina mwalimu mkuu, ratiba wala kengele. Watu wengi hawajapata kuuchagua mfumo endeshi maishani mwao; waliukuta ndani ya kompyuta siku walipoinunua, kama mtu anavyokuta lugha ya mama mdomoni mwake. Naam, na kama ilivyo lugha, mtu hadhani kuwa ana mfumo mpaka siku anapokutana na mwingine.

Mbele yangu palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni Windows, ambayo kila mwalimu wa Siongiroi anaijua. Ya pili ni TrueNAS, mfumo uliotengenezwa mahsusi kwa kazi ya kutunza faili. Ulianza mwaka 2005 kwa jina la FreeNAS, na siku hizi umehamia juu ya msingi wa Linux. Ya tatu ni kuchukua Linux yenyewe, kwa mfano Debian au Ubuntu, na kuipangia kazi hiyo kwa mkono wangu. Mpwa wangu alikuwa na jibu kabla sijamaliza kueleza.

"Mjomba," aliniambia, "weka Windows. Wewe ukienda chuoni ni mimi nitakayebaki na mashine hii. Ikigoma, nitamwita nani?"

Nakiri kwamba hoja hiyo ni nzito kuliko nyingi nilizozisoma katika vitabu vya wataalamu, nami nitairudia. Lakini kwanza niliweka mbele yake maswali matatu, na ningependa kila mwalimu anayekabidhiwa kompyuta za msaada ayaulize.

Swali la kwanza ni hili: ufunguo wa ghala uko mikononi mwa nani? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika huduma ya nyongeza ya muda. Mrithi wake, Windows 11, anadai kichakataji cha miaka ya karibuni na kijisehemu maalumu cha usalama, sharti ambalo kompyuta nyingi za zamani haziwezi kulitimiza. Na hizo za zamani ndizo zilizojaa katika shule zetu. Silaumu, kampuni ina haki ya kupanga biashara yake. Nasema tu kwamba mashine ya mwalimu, iliyo nzima na inayofanya kazi, ilihesabiwa kuwa imezeeka kwa uamuzi uliofanywa mbali na kwetu, na bila yeye kuulizwa.

Mtu asiseme kwamba kwa hiyo dawa ni Linux yoyote. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Lakini uwazi wa msimbo haumaanishi kwamba anayekutunzia mfumo hawezi kukuacha njiani. Waliokuwa wakiitumia CentOS wanajua. Mnamo Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba toleo la nane la mfumo huo, ambalo watu walitarajia litatunzwa hadi mwaka 2029, lingekoma mwishoni mwa mwaka 2021. Waliojenga juu yake walilazimika kuhama. Tofauti ni kwamba hao walikuwa na pa kuhamia: kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wengine waliuchukua na kuuendeleza kwa majina mapya.

Hapo ndipo nilipovutwa na Debian. Ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na jina lake limeunganishwa kutokana na jina la mwenzi wake wa wakati huo, Debra, na lake mwenyewe. Haimilikiwi na kampuni. Inatunzwa na watu wa kujitolea duniani kote, wenye katiba yao na uchaguzi wao wa kila mwaka, na tangu mwaka 1997 wana mkataba wa maandishi na jamii unaoeleza wanachowaahidi watumiaji. Toleo jipya hutoka takriban kila miaka miwili, na kila toleo hutunzwa kwa karibu miaka mitano kwa jumla. Mtu wa lugha huupenda mpango wa namna hii kwa sababu ndivyo lugha zinavyoishi. Kiswahili hakina mwenyewe mmoja. BAKITA na CHAKITA wanaweza kushauri na kusanifisha, lakini hakuna awezaye kukifunga kwa kufuli na kudai ada.

Ubuntu nusura inishinde kwa jina peke yake. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za Kinguni lenye mzizi ule ule wa neno letu "utu". Imejengwa juu ya Debian, ni rahisi zaidi kuisimika, na sitamlaumu mwalimu atakayeichagua. Lakini ina kampuni nyuma yake, na baada ya mambo ya CentOS nilipendelea ghala lisilo na mwenye nyumba.

Swali la pili ndilo lililonitoa machozi mwaka 2019: je, mfumo huu utaniambia faili ikianza kuoza? Watu wengi hudhani kwamba kompyuta hujua iwapo inachosoma ndicho kilichoandikwa. Mifumo mingi ya kawaida ya kupanga faili haikagui yaliyomo. Diski ikirudisha herufi moja badala ya nyingine bila kulalamika, mfumo huipokea kama ilivyo.

Upo mpango wa kupanga faili uitwao ZFS, uliobuniwa katika kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Mwalimu ataelewa haraka jinsi unavyofanya kazi. Anapojaza alama za wanafunzi, huandika jumla chini ya safu. Kesho mtu akibadilisha 47 kuwa 74, jumla haitalingana, na mwalimu atajua kwamba pana mkono umepita. ZFS hufanya hesabu ya aina hiyo, ingawa ya kina zaidi, kwa kila kipande cha data kinachoandikwa, na kuiweka hesabu hiyo mahali pengine. Kila kipande kinaposomwa, hesabu hurudiwa. Isipolingana, na kama kipande hicho kimeandikwa katika diski mbili kwa pamoja, mfumo hukichukua kile kizima, humpa msomaji, na kukisahihisha kile kilichooza. Mara moja kwa mwezi seva yangu hupitia diski zote mbili tangu mwanzo hadi mwisho, ikikagua hata zile faili ambazo hakuna aliyezifungua kwa miaka. Laiti ningekuwa na mlinzi huyo mwaka 2011.

Lakini hapa pana jambo linaloonyesha kwamba hata maneno ya leseni yana nguvu ya chuma. Sun ilitoa ZFS kwa leseni iliyo wazi, na Linux nayo iko wazi, ila leseni hizo mbili, kwa kauli ya wanasheria wengi, hazipatani. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, na mgogoro haukutatuliwa. Ndiyo maana Debian huiweka ZFS katika sehemu ya pembeni, nje ya mfumo mkuu, na mtumiaji hulazimika kuiongeza mwenyewe na kungoja ijengwe ndani ya mashine yake. Ubuntu iliamua tofauti, na tangu mwaka 2016 huitoa ikiwa tayari. TrueNAS nayo imejengwa juu ya ZFS moja kwa moja. Kwa hiyo katika swali la pili Debian haikushinda kwa wepesi. Iliniongezea kazi ya jioni moja.

Swali la tatu ni la lugha, na msomaji atanisamehe nikilitilia uzito. Je, mfumo huu unaweza kuyaandika majina yetu?

Katika Kikipsigis urefu wa irabu hubadilisha maana ya neno. Wanaisimu wengi, tunapokosa alama maalumu, huandika nukta mbili baada ya irabu ndefu. Mimi nilizitumia nukta hizo hata katika majina ya faili. Linux haina neno, huzipokea. Windows hairuhusu nukta mbili katika jina la faili, wala alama ya kuuliza, wala kinyota. Mpwa wangu alipofungua folda ya rekodi kutoka kompyuta yake ya Windows, majina hayo yalimtokea yakiwa yamebadilishwa kuwa herufi na tarakimu zisizo na maana, kama nambari za magari. Samba, programu ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 imekuwa mkalimani kati ya mashine za aina hizi mbili, ilikuwa imefanya kila iwezalo ili faili zionekane, ila majina hayakuokoka.

Linux nayo ina kasoro yake kwetu. Katika dirisha la amri, alama ya ritifaa hufungua nukuu, na mashine hungoja ritifaa nyingine ya kuifunga. Nilipoandika amri ya kunakili folda niliyoipa jina la "ng'ombe", mashine haikufanya kitu. Ilinyamaza, ikisubiri nimalize sentensi ambayo kwa maoni yangu ilikuwa imekwisha. Mwandishi wa Kiswahili atakutana na kimya hicho katika ng'ombe, ng'ambo na ng'aring'ari. Tena Linux huhesabu "Methali" na "methali" kuwa faili mbili, hali Windows huziona kuwa moja. Ukizihamisha pamoja, huenda moja ikaifuta nyingine. Na amri zenyewe ni vifupisho vya Kiingereza ambavyo hata Mwingereza hawezi kuvitamka.

Je, haikuwezekana iwe vingine? Iliwezekana. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo iliambatana na kutafuta istilahi za kompyuta. Haikuhitaji ruhusa ya mtu, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya programu zake katika miaka iliyofuata. Tofauti ni kwamba katika ile ya kwanza, mwanafunzi akiona neno baya ana njia ya kulisahihisha mwenyewe. Sisi wa vyuo tumeketi tukibishana iwapo tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na huku maelfu ya maneno ndani ya mashine hiyo hiyo yakisubiri mtu wa kuyatafsiri.

Basi kwa maswali haya matatu nilichagua Debian, nikaongeza ZFS, nikaweka Samba ili walimu wafikie faili kutoka kompyuta zao za kawaida. Majina ya faili nikayabadilisha yote: herufi ndogo, bila nafasi, bila nukta mbili, bila ritifaa. Urefu wa irabu sasa naonyesha kwa kuiandika irabu mara mbili. Mfumo wowote utayasoma majina hayo, leo au baada ya miaka hamsini. Nilijiona nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza, kwa sababu bado kulikuwa na swali la mpwa wangu: ikigoma, nitamwita nani?

Nilimwachia kijitabu cha maelezo, kurasa kumi na mbili nilizozichapa kwa uangalifu. Wiki ya tatu nikiwa chuoni umeme ulikatika kwa muda mrefu kuliko uwezo wa betri. Wasomaji hawahitaji kukumbushwa hali ilivyo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilibaki gizani kwa saa nyingi, na huku kwetu hatungoji nchi nzima. Umeme uliporudi, seva iliwaka, lakini folda hazikuonekana. Ilikuwa wiki ya kuandaa mitihani. Mpwa wangu alifungua kijitabu changu. Ukurasa wa kwanza ulieleza falsafa ya programu huria. Ukurasa wa pili ulifafanua muundo wa ZFS. Jibu alilolihitaji lilikuwa ukurasa wa tisa, katika sentensi iliyodhani kwamba msomaji anajua tayari neno nililopaswa kumweleza. Alinipigia simu mara saba, nilikuwa darasani. Walimu walichapa mitihani upya usiku ule.

Niliporudi hakunilaumu kwa maneno. Alinionyesha tu kijitabu changu, amekipigia mistari mekundu kama insha ya kidato cha pili, na pembeni ameandika: "Nini maana yake?" Mara kumi na nne. Nimesahihisha tasnifu nyingi maishani mwangu. Sijapata kusahihishwa kwa haki kiasi hicho.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulifikiria. Alichukua daftari la kawaida la shule, akaketi nami mbele ya mashine, akaandika kwa Kiswahili chake mwenyewe: seva ikizimika, fanya hivi, folda zisipoonekana, andika amri hii kama ilivyo, usiache nafasi, ukiona neno hili, usiguse, piga simu. Kurasa nne. Mwishoni akaandika tarehe na jina lake. Daftari hilo limefungwa kwa kamba kwenye seva. Umeme umekatika mara nyingi tangu hapo, na sijapigiwa simu. Mwalimu wa Jiografia, ambaye hajawahi kuisikia Debian, ameiwasha mwenyewe mara mbili.

Wahenga waliposema mali bila daftari huisha bila habari, walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara. Leo naliona onyo hilo kuwa la kila mwenye kutunza data. Mpwa wangu alikuwa na haki: mfumo bora ni ule ambao mtu aliye karibu anaweza kuufufua. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ujuzi wa karibu ni kitu tulichokuta na hakiwezi kuongezwa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba ujuzi ukiwa kichwani mwangu basi uko Siongiroi.

Kwa hiyo, ndugu zangu walimu, sisemi kila shule ikimbilie Debian. Shule isiyo na mtu hata mmoja wa kujifunza haitaokolewa na leseni huria. Ikiwa mnataka urahisi wa kubonyeza katika dirisha la kivinjari, na mashine yenu inafikia kumbukumbu ya gigabaiti 8, itazameni TrueNAS. Mimi niliiacha kwa kuwa mashine yangu imesimama katika kizingiti hicho cha chini, na kwa kuwa nilitaka kujua kila kilichomo. Ikiwa mwalimu wenu wa kompyuta anaijua Windows na hana muda, heri Windows iliyotunzwa kuliko Linux iliyotelekezwa. Lakini ulizeni maswali. Anayetupa mashine hizi anaweza kuamua lini zimezeeka? Tutajuaje faili ikioza? Majina yetu yataandikika? Na daftari liko wapi?

Nawaonya pia juu ya kosa ambalo hata mafundi hulifanya. Diski mbili zinazoandika kwa pamoja si nakala ya akiba. Mtoto akifuta folda, inafutika katika zote mbili kwa wakati mmoja. Mwizi akiibeba mashine, huzibeba zote mbili. Ninayo diski ya tatu, ambayo huchomekwa mara moja kwa mwezi na kurudishwa nyumbani kwa dada yangu, mlima wa pili. Na kila muhula mpwa wangu huchagua faili moja kwa kubahatisha na kuifungua kutoka diski hiyo, maana nakala ambayo haijapata kufunguliwa ni tumaini tu. Faili za zamani hatuziandiki tena juu ya nyingine. Nilijifunza hilo kwa gharama ya sauti ya bibi.

Wapo watakaouliza kwa nini nisiweke kila kitu katika hifadhi za mtandaoni. Baadhi naziweka. Lakini mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo iliyokuwa ikiwapa vyuo na shule ingekoma mwaka uliofuata, na wengi waliokuwa wamerundika huko kila kitu walilazimika kuamua kipi kifutwe. Tena wazee walionikubalia niwarekodi walinikubalia mimi, kwa ajili ya kazi niliyowaeleza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kutunza habari za mtu aijue dhamana hiyo. Ni rahisi zaidi kwangu kumwambia mjukuu wa mzee sauti ya babu yake iko wapi nikiweza kumwonyesha kwa kidole.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Kompyuta kuukuu mnayoiona imetupwa katika stoo ya shule inaweza kuwa darasa. Ombeni ruhusa, ifungueni, isimikeni mfumo ambao msimbo wake mnaweza kuusoma, iharibuni, muirekebishe, na kila mtakachokigundua kiandikeni katika daftari kwa lugha ambayo mdogo wenu ataielewa. Kuandika huko ni sehemu ya kazi yenyewe.

Siongiroi ni nchi ya maziwa. Chai iko huko juu, kuelekea Konoin na Kericho. Mtoto wa hapa hukua akijua kwamba maziwa mazuri yakitiwa katika kibuyu kisichoandaliwa huharibika, na kwamba kuandaa kibuyu ni kazi ya kurudiwa kila mara, si ya siku moja. Ndiyo kazi ambayo bibi yule alikuwa akinieleza. Dakika zake nne zilizosalia ziko katika seva, zimekaguliwa tena mwezi huu, na ni nzima. Anasikika akisema kibuyu kisafishwe kabla hakijaanza kunuka. Yaliyofuata, alijua yeye.